Bikoni Zote Nne Zipo

Jumatatu, 15 Februari 1999

Nimepata nyumba! Ya mawe, ya zamani, hapa Kitengela, si mbali na barabara ya Namanga. Ilijengwa na meneja wa ranchi kabla sijazaliwa. Mwenyewe sasa ni Mzee Katoo, mtu mpole, anataka kuhamia kwa mifugo yake upande wa Kajiado.

Nimestaafu na kampuni inataka nyumba yake mwisho wa Machi. Mke wangu Mbithe amekaa nyumba za kampuni miaka ishirini na miwili. Amesema hataki makuu. Anataka tu mlango ambao hakuna mtu atakuja kumwambia atoke. Kisha akaniangalia vile huniangalia, akasema, Baba Nzilani, kabla hujatoa chochote, tafuta mtu anayejua nyumba aipime. Nimekubali. Mimi Nzau si mtu wa kukurupuka.

Jumatano, 17 Februari

Nimeenda Kajiado kutafuta mpimaji. Ofisi ya wapimaji iko karibu na soko la mifugo. Karani anaitwa Soipan, msichana wa maneno mengi. Ameniambia vipimo ni vya aina tatu. Kuna mpima ardhi, anaangalia mipaka. Kuna mthamini, anasema nyumba ni ya bei gani. Na kuna injinia wa majengo, anapanda darini, anachimba kando ya msingi, anakwambia kama nyumba itasimama. Kwa nyumba ya zamani, amesema, chukua injinia.

Nikamwuliza injinia huja na vifaa gani. Nyundo ndogo na tochi. Nyundo! Hata mimi niko na nyundo. Mpima ardhi huja na chombo cha miguu mitatu, na kitasimama kando ya barabara asubuhi nzima. Jirani yangu Hiram Gakuru, yule wa duka, kila siku ananieleza vile alinunua shamba lake kwa akili. Acha aone. Halafu, hapa Kitengela sijawahi kusikia mtu ameibiwa ukuta. Watu huibiwa mpaka.

Nimechukua mpima ardhi. Soipan ameandika jina langu polepole, kama anaandika jina la marehemu.

Ijumaa, 19 Februari

Mpima ardhi amekuja. Anaitwa Wanjala. Chombo ni kizuri ajabu! Gakuru amechungulia mara nne. Bikoni ya kwanza, yaani jiwe la mpaka, ilikuwa chini ya mkonge. Ya pili ndani ya zizi, tukafukua samadi. Mwishowe zote nne zipo! Nimepeana mkono na kila mtu, hata mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akipita.

Kuna kitu kimoja tu. Ukuta wa sebule, ule wa upande wa jikoni, uko na ufa kutoka chini hadi darini. Kiganja changu kimeingia chote. Nikamwuliza Wanjala. Akasema kwa huruma kwamba kazi yake ni mipaka, kuta hazimhusu. Nikamwomba basi aandike kwamba huo ukuta uko ndani ya mpaka. Ameandika.

Jumamosi, 20 Februari

Mambo si mazuri. Mzee Katoo ameniita chai. Bila kuulizwa, amesema upande wa jikoni umekalia udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo unapasuka na ukuta unafunguka. Mvua ikija udongo unavimba, na mlango wa jikoni haufungiki mpaka Juni. Mkewe, Nashipae, akaongeza kwamba mwaka wa ile mvua kubwa waliegemeza kabati mlangoni ili fisi wasiingie. Mzee akasema nilete injinia, yeye hataki lawama na mtu aliyekunywa chai kwake.

Nimefikiria njia yote. Mtu gani huponda mali yake mwenyewe? Ni yule aliye na mnunuzi mwingine! Ananifukuza kwa adabu. Na huyo mnunuzi ni nani kama si Gakuru? Aka! Lazima niharakishe.

Jumanne, 23 Februari

Leo ilikuwa zamu ya Mama Nzilani kuona nyumba. Nimetangulia. Mzee alikuwa kwa ng'ombe. Nimekoroga udongo na saruji kidogo, nikaziba ufa, nikatundika kalenda ya kanisa juu yake. Nashipae aliniangalia, akaendelea kufagia.

Mbithe alisimama sebuleni kwa muda mrefu. Akapenda dirisha. Akasema hapo angeweka kiti cha mama yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijaisikia hivyo tangu tuoane. Niliona haya. Kidogo.

Kalenda ikaanguka, na udongo wangu wote ukaifuata.

Hakupiga kelele. Aliomba karatasi ya kipimo. Akaisoma yote, mpaka sahihi ya Wanjala, akaikunja akaitia kwenye mkoba.

Alhamisi, 4 Machi

Bodi ya ardhi, Kajiado, kuidhinisha mauzo ya nyumba ya Mzee Katoo. Hapo huuzi kitu kama mkeo hajasimama mbele ya wazee akasema amekubali. Nashipae alisimama, akakubali. Mwenyekiti, mtu wa heshima, akamgeukia na wangu.

Mbithe alitoa karatasi. Si ile yangu! Kurasa sita! Ijumaa nilipokuwa Namanga kwa shughuli zangu alimleta injinia, na Soipan ndiye aliyemtafutia. Vyumba vya mbele na sebule vimekaa juu ya mwamba, havina shida. Jiko liliongezwa baadaye juu ya udongo mweusi, na ndilo linalovuta ukuta. Libomolewe, lijengwe upya na msingi wa maana. Mzee Katoo akasema sawa, atapunguza bei. Hata hakubisha!

Mwenyekiti akauliza hati iandikwe jina la nani. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Mbithe akasema, langu.

Wazee wote wakaniangalia. Nikasema nimekubali. Ningesema nini?

Tukirudi, ameniambia hakufanya hivyo kwa hasira. Amesema anataka tu, siku moja, alale bila kungoja habari zangu. Nimetazama nje ya dirisha mpaka Isinya. Macho yalikuwa na vumbi.

Jumapili, 7 Machi

Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Sasa nimeona kosa langu. Kosa ni kupima! Ukishaanza kupima, makarani wanaingilia, mainjinia wanaingilia, mwishowe hata mke anakuwa na kurasa sita.

Kwa hivyo nimejipatia ploti Namanga, itakuwa kwa jina langu mwenyewe. Mwenye kuuza ni ajenti wa pale mpakani, mtu wa haraka. Anasema kesho saa sita kuna mwingine anaichukua.

Mama Nzilani alikuwa akikata sukuma wiki. Ameuliza ni nani amekwenda kuiangalia hiyo ploti. Nimemjibu hakuna haja, nimeonyeshwa picha. Akaweka kisu chini, akaniuliza polepole kama nina hakika picha ni ya ploti hiyo.

Swali gani hilo? Iko na nyasi. Iko na ng'ombe wawili. Natoka alfajiri.