Wembe, Gundi na Kaburi la Babu

Jumatatu, 3 Juni
Kikao cha ukoo kimenipa kazi: nitafute kijiji alikozikwa babu. Jina la kijiji hicho halimo kwenye ramani za leo. Shangazi, mtoto pekee wa babu aliyebaki, anataka kuliona kaburi la baba yake kabla magoti hayajamgomea kabisa. Binamu Mjuaji alisema tumpakie garini atuelekeze mwenyewe. Nilimcheka. Shangazi aliondoka kule ana miaka saba. Utafiti ni nyaraka. Nikifanikiwa, uenyekiti wa ukoo ni wangu, na Binamu atabaki kupanga viti.

Jumanne, 4 Juni
Maktaba. Orodha ya zamani ya majina ya vijiji. Dakika kumi tu, nimekipata! Kweli nina kichwa. Kijiji kiko ukingoni, pale karatasi mbili za ramani zinapokutana. Nimetoa nakala zote mbili. Mkutubi ameniomba nisome pambizo: karatasi moja ilipimwa miaka ishirini kabla ya mwenzake. Nimemshukuru kwa upole. Watu wa maktaba wanapenda pambizo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeunganisha karatasi kwenye meza ya chakula. Mto haukutani. Mke wangu amesema huenda mto ulihama katika ile miaka ishirini. Nimemweleza kwamba mito haina miguu. Nikachukua wembe, nikanyoa ukingo sentimita mbili, nikasogeza, nikapaka gundi. Mto umeungana vizuri mno. Mke wangu amefagia kile kipande cha ukingo, akaenda kulala.

Jumamosi, 8 Juni
Safari. Magari mawili, watu tisa, mimi mbele na ramani mapajani. Tumefika pale pale nilipoweka alama. Banda la kuku.

Nikatangaza kwamba kaburi liko chini ya banda. Mwenye kuku akasema hapo palikuwa na bwawa, alilifukia mwenyewe. Shangazi alikuwa akitazama kilima chenye vichwa viwili kilichokuwa mbele yetu. Akasema ukisimama mlangoni kwao, kichwa kidogo kilikuwa mkono wa kulia. Hapa kiko kushoto, basi tuko mgongoni mwa kilima. Nikamjulisha kwamba kwenye ramani hakuna mlango. Binamu akamfungulia wa gari. Wote wakamfuata. Mimi nikabaki kulinda alama, pamoja na kuku.

Walirudi kunichukua baada ya saa mbili. Kaburi wamelipata, na mawe ambayo Shangazi alisaidia kuyapanga utotoni bado yapo. Shangazi alikuwa na udongo magotini na macho mekundu. Akanishika mkono, akaniambia asante mwanangu, bila hangaiko lako tusingetoka nyumbani. Niliona aibu kweli. Kama dakika mbili hivi.

Jumapili, 9 Juni
Ukoo umemchagua Binamu. Sawa. Nimepima upya: kwa kipimo cha ramani hii, sentimita mbili ni kilomita tano, na kaburi liko kilomita tano kutoka kwenye banda. Kamili! Binamu amepatia kwa bahati; mimi nimekosea kwa vipimo.

Kesho naanza upande wa mama. Mama yu mzima, anakumbuka kila njia ya kwao, ila sitamuuliza. Kijiji chao kiko kwenye kona, karatasi nne zinapokutana. Nimenunua wembe pakiti nzima.