Vidonge, Mzee Eddinger na Cheo Changu

Jumatatu, 7 Julai 2014

Siku njema kabisa! Bwana Kulp, meneja wetu wa uzalishaji, ametangaza kustaafu. Magoti yake yamechoka. Nilimhurumia kwa dhati kama dakika moja, kisha nikaanza kuwaza zulia la ofisi yake nitalibadilisha liwe la rangi gani.

Mshindani ni mmoja tu, Terrence Swavely wa kwenye oveni. Mkatoliki, watoto sita, mikono kama koleo. Mimi nimekuwa msaidizi wa Kulp miaka tisa. Mimi nina mikakati. Yeye ana misuli.

Na bahati imejileta yenyewe. Wiki iliyopita Mahakama ya Juu kule Washington iliamua kwamba kampuni ya kifamilia yenye msimamo wa dini hailazimiki kulipia vidonge vya uzazi wa mpango katika bima ya wafanyakazi wake. Pennsylvania nzima inabishana. Kwa kinyozi, mkahawani, hata kwenye foleni ya petroli. Na mwenye kiwanda chetu cha prezeli, vile vimkate vikavu vya chumvi vilivyosokotwa, ni nani? Mzee Aloysius Eddinger, anayesali misa kila asubuhi kabla ya kuja kuonja chumvi!

Nikapanda ofisini kwake. Nikamwambia kwa sauti nzito ya mtu wa imani: Mzee, dhamiri ni dhamiri, viondoe hivyo vidonge. Akanitazama mpaka nikaanza kuwashwa. Akasema jambo hili linamkosesha raha. Hataki kulipia kitu ambacho moyo wake unakiona ni dhambi, na hataki kuwaumiza watu waliomjengea kiwanda. Kisha akauliza, mimi Mlutheri, mafundisho ya Roma yamenianza lini.

Nikasema yamenianza hivi karibuni.

Akaniagiza niwasikilize wafanyakazi bila makelele, nimletee ukweli. Nimetumwa! Swavely hajatumwa hata dukani.

Jumanne, 8 Julai

Nimeshuka kitengo cha kufungasha. Wote pale ni wanawake, na mkubwa wao ni Arlene Fronheiser, mama mfupi mwenye sauti inayopita juu ya mashine. Nilikuwa nimepanga kuuliza kijanja, kwa kuzunguka. Sikupata nafasi ya kuzunguka. Arlene alizima mkanda wa mashine, akafuta mikono, akaniuliza mbele ya wote: “Lamar Gehringer, usituletee uso wa kanisani hapa. Kwenye habari ya vidonge, wewe uko upande gani?”

Wanawake wote wale, kila mmoja na wavu wake kichwani, wananitazama.

Nikasema: upande wenu, dada Arlene! Nikaongeza kwamba ninampinga Mzee usiku na mchana. Wakapiga makofi! Nikapewa kipande cha pai ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Nikala nimesimama, kama mkombozi.

Hili nalo ni mkakati. Mzee hamchagui meneja asiyependwa na watu.

Alasiri nikampelekea Mzee ripoti. Nikasema nimewakuta wametulia na wanamwelewa. Si uongo. Walikuwa wametulia. Walikuwa wanakula.

Jumatano, 9 Julai

Kosa dogo la kiufundi.

Wakati wa chakula cha jioni nilimsimulia Charmaine, mke wangu, jinsi ninavyomwongoza Mzee taratibu kuelekea kuviondoa vidonge. Nilieleza vizuri sana. Nilitumia chupa ya haradali kuwa Mzee na chupa ya siki kuwa mimi. Charmaine akaacha kukata nyama. Akaniuliza vidonge anavyomeza yeye kila asubuhi, vile alivyoandikiwa na daktari baada ya mapacha, vinalipiwa na bima ya nani.

Nikafikiri. Nikasema: ya kiwanda.

Akauliza kiwanda gani.

Hapo haradali na siki vikakosa maana.

“Lamar, mume wangu,” akaniambia kwa upole ule ninaouogopa, “kama Mzee Eddinger hataki vidonge, vizuri. Kuna njia nyingine ya kuzuia mimba, haina dawa wala daktari. Inaitwa gereji.”

Mapacha wakauliza baba anaenda kufanya nini gereji. Mama yao akasema baba anaenda kuwa na msimamo.

Alhamisi, 10 Julai

Shingo haigeuki. Nimelala kati ya mashine ya kukatia nyasi na friza la zamani. Julai hii gereji ni oveni tupu.

Lakini akili ilifanya kazi. Nitamchafua Swavely! Nikashuka kufungasha, nikamnong’oneza Brenna, binti mdogo kuliko wote pale, kwamba nimesikia, sitaki kutaja nani, Swavely anataka vidonge viondolewe.

Brenna akasema, ndiyo, anajua. Swavely mwenyewe aliwaambia jana.

Aliwaambia! Alisimama pale pale niliposimama mimi, akawaeleza usoni kwamba yeye anaamini vidonge si sawa, ndiyo maana ana watoto sita na gari bovu, na kama Mzee akimuuliza atasema hivyo hivyo. Nikauliza, wakamfanya nini? Wakabishana naye, akasema Brenna. Arlene alimwita kichwa maji. Naye akacheka. Halafu wakampa pai.

Pai nzima. Mimi nilipewa kipande.

Sielewi dunia inakwenda wapi.

Ijumaa, 11 Julai

Mzee kaniita. Usingizi haumjii, macho mekundu. Ameuliza tena: una hakika wananielewa? Nikataka kumwambia ukweli. Nikaufungua mdomo kabisa. Ndipo Kulp akapita koridoni na sanduku la vitu vyake, nikaiona ile ofisi tupu, dirisha kubwa, kiti cha kuzunguka.

Nikasema: kabisa, Mzee.

Akashusha pumzi. Akasema basi kesho kwenye pikniki ya kiwanda atawashukuru wote hadharani.

Atawashukuru. Hadharani. Wote wakiwepo.

Nimemwambia Charmaine kesho nina homa. Amenigusa paji la uso, akasema homa hiyo itakwisha nikishapiga pasi shati.

Jumamosi, 12 Julai

Ninaandika nimelala chali. Nieleze kwa utaratibu.

Pikniki ilifanyika uwanja wa wazimamoto, kama kila mwaka. Soseji, mahindi ya kuchemsha, bendi ya matarumbeta. Mkakati wangu ulikuwa rahisi: Mzee akae upande wa soseji, Arlene akae upande wa maji ya ndimu, na mimi niwe katikati kama ukuta. Ulifanya kazi vizuri mpaka Arlene alipotaka soseji.

Nikawafikia mbio, mdomo umejaa mahindi. Nimechelewa. Mzee alikuwa amemshika Arlene mkono, anamshukuru kwa moyo wake mkubwa, kwa kukubali vidonge viondolewe.

Arlene akasema, “Nimekubali nini?”

Mzee akasema, “Lamar kaniambia mnanielewa.”

“Lamar katuambia anakupinga usiku na mchana!”

Wakageuka wote wawili. Bendi ikanyamaza. Sijui kwa nini bendi ilinyamaza, hakuna aliyeiomba.

Akili yangu ikanipa njia moja tu. Nikajifanya nimepaliwa! Nikashika koo, nikatoa macho, nikapiga magoti. Nilifanya vizuri mno. Swavely akaruka meza, akanikumbatia kwa nyuma kwa yale makoleo yake, akanibinya tumbo. Nikajaribu kumwambia kuwa ninapumua, lakini kwa kunibinya hivyo sikuweza kupumua. Akabinya tena. Kitu kikalia kwenye mbavu. Punje ya mahindi ikaruka ikatua kwenye tarumbeta.

Umati ukamshangilia. SWAVELY! Wakambeba Swavely!

Mimi nikalazwa kwenye nyasi, kichwa mapajani mwa Charmaine, kitambaa cha maji usoni. Hapo ndipo mjadala wenyewe ulipoanza, bila mkakati wa mtu yeyote.

Mzee alisema wazi mbele ya wote kwamba hana hasira na mtu. Alisema amelelewa kuamini hivi, na baba yake kabla yake, na hawezi kuivua imani mlangoni kama koti kila anapoingia kiwandani. Hakuna aliyecheka.

Arlene akamjibu bila kelele. “Mzee Aloysius, imani yako naiheshimu. Nimefanya kazi kwako tangu nasuka nywele mikia miwili. Lakini bima si zawadi unayotupa. Ni jasho letu, sawa na mshahara. Mshahara hujawahi kutuuliza tumenunulia nini.”

Swavely akasema yeye bado anapinga. Ila kama Mzee akiviondoa, aviondoe akiwa amewatazama hawa kina mama machoni, si kwa kupitia kwa mtu. Hapo nikahisi watu wengi wanakitazama kitambaa changu.

Ndipo Brenna akasimama, uso mwekundu kama bendera. Akasema yeye hana hata mchumba. Anameza vile vidonge kwa sababu kila mwezi alikuwa akitokwa damu mpaka anaanguka. Akamuuliza Mzee kama anakumbuka mwaka juzi, alipozirai pale kwenye mkanda.

Mzee akasema anakumbuka. Akasema alimpelekea supu nyumbani. Akasema, kwa sauti ya chini, “Nilikuombea, binti yangu. Misa zote za mwezi wa Mei nilikuombea upone.”

“Najua, Mzee. Na nikapona,” akasema Brenna. “Ni hivyo vidonge.”

Mzee akakaa chini kwenye benchi. Mkewe, Bi Ottilie, ambaye kwa kawaida pikniki nzima husema neno moja tu kuhusu mbu, akaweka sahani yake, akasema, “Aloysius, miaka yote hiyo unamwomba Mungu, halafu akikujibu unataka kumfundisha ajibu kwa njia ipi?”

Kisha Mzee akaanza kucheka, polepole, mabega yanatikisika, na machozi yakimtoka humo humo. Akasema apewe muda wa kufikiri.

Charmaine akaninong’oneza kuwa punje ya mahindi imefika mbali sana, hongera.

Jumapili, 13 Julai

Daktari amesema ubavu mmoja una ufa. Kila ninapovuta pumzi namkumbuka Swavely. Amekuja kuniona na watoto wote sita, wameleta kuku wa kuoka. Akaniomba radhi kwa kunibinya kupita kiasi. Nikamwambia kwa heshima kwamba nimemsamehe.

Charmaine amecheka siku nzima. Lakini amenirudisha chumbani, kwa sababu ya ubavu. Ameweka mto katikati. Anasema mto huo ni wa kudumu mpaka kiwanda kitoe uamuzi.

Sijawahi kuwa mtetezi mkali wa vidonge kama leo.

Jumatatu, 14 Julai

Uamuzi! Mzee kasimamisha mashine zote. Amesema vidonge vinabaki. Amesema moyo wake bado haujatulia, na hilo atalizungumza na padri wake na Mungu wake, na si juu ya miili ya wanawake wa kitengo cha kufungasha. Aliwatazama machoni mmoja mmoja, kama Swavely alivyotaka. Brenna akamkumbatia. Yule mzee hakujua aweke wapi mikono.

Swavely akasema kwa sauti kuwa bado hakubaliani. Arlene akamwita kichwa maji. Wakapeana mikono.

Nimempigia Charmaine simu kumpa habari. Nikamwambia nimeshinda. Akauliza nani ameshinda. Nikasema sisi. Akasema sawa, mto atautoa.

Kisha Mzee akatangaza meneja mpya. Nikanyoosha tai. Swavely akakohoa.

Arlene Fronheiser!

Swavely alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nami nikapiga, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ubavu. Arlene akanijia, akaniambia ataendelea nami kuwa msaidizi wake, kwa sharti kwamba kuanzia leo nimwambie jambo moja tu, lile lile ninalowaambia wengine. Nikaapa. Nilikuwa na machozi. Ya ubavu, lakini yalionekana vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Nimekuwa mtu mpya kwa siku mbili nzima. Inachosha.

Leo limezuka jambo jingine. Arlene anataka bima ilipie pia miwani ya wafanyakazi. Mzee ana wasiwasi, anasema miwani ni fasheni. Swavely, kwa ujinga wake, tayari kasema hadharani anavyofikiri. Amejifungia milango yote!

Mimi nimekwenda kwa Arlene asubuhi, nikamwambia niko naye mpaka tone la mwisho la damu. Nikapanda kwa Mzee, nikamwambia binadamu aliumbwa bila vioo usoni. Wote wawili wamenitazama kwa namna moja, kama watu wanaozuia chafya. Naona nimewagusa.

Safari iliyopita kilichoniponza ni pikniki. Pikniki hakuna tena mpaka Julai ijayo. Tangu Jumatatu wanakula chakula cha mchana meza moja, Mzee na Arlene, kila siku, lakini nimewachunguza kwa mbali na nina hakika wanazungumzia hali ya hewa.

Nimeshachagua rangi ya zulia. Kijani.