Kesi ya Mpishi Bombolu

Wembe alivuka barabara na mashine ya kunyolea mkononi, waya umemning'inia mpaka kwenye goti, na kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga, Katibu alijua leo hapakaliki.

Katibu ndiye mwenye duka la fotokopi. Kibarazani kwake, mkono wa kushoto, ndipo Gundi anaposhona viatu. Mkono wa kulia ni cherehani ya Mama Uzi. Ng'ambo ya barabara ni kinyozi, yaani Wembe mwenyewe, ambaye hukata maneno vizuri kuliko anavyokata nywele. Kila saa sita mchana, kwa miaka minne sasa, Wembe huhamia kibarazani na vifaa vyake vya kunoa makasi, wenzake huendelea na kazi za mikono, na Katibu huwasomea. Ijumaa iliyopita walikuwa wamemaliza kitabu cha sita na cha mwisho cha Ufalme wa Milango Tisa, ile hadithi ya majoka na malkia iliyoitia dunia wazimu. Kitabu ni cha Kiingereza, tena kile Kiingereza cha kuvaa koti, kwa hiyo Katibu husoma kimoyomoyo na kutamka Kiswahili papo hapo. Halipwi chochote ila heshima, na heshima yenyewe anaipenda kupita kiasi.

"Mmesikiliza redio?" Wembe aliuliza kabla hata hajafika.

"Redio gani na mimi nina sare za shule thelathini hapa?" Mama Uzi akajibu, pini mdomoni.

"Wanajadili mwisho wa Milango Tisa. Watu wamechachamaa, mama. Kuna mmoja kavirudisha vitabu vyote sita dukani kwa mkokoteni. Mwingine anasema tangu shujaa Oriko akatae kiti cha enzi akaenda kufuga nyuki, yeye chakula hakipiti."

"Hata mimi wale nyuki hawajaniingia. Mtu unapigana vitabu sita, unapoteza sikio, unapoteza mjomba, halafu unaishia kurina asali."

"Kiti cha enzi hakina mazao," Gundi alisema bila kuinua kichwa. "Nyuki wana mazao. Mimi namwelewa."

"Sikieni basi, sijafika penyewe. Nimepiga simu."

"Redioni?"

"Redioni. Wakanipokea, hewani, mji mzima unasikia. Nikasema, jamani, mimi ni Wembe, mwisho umenifurahisha, kwa sababu Bombolu yuko hai. Mtangazaji akaniuliza, Bombolu yupi? Nikamwambia, wewe unasoma kitabu au unasoma bei za nyanya? Bombolu mpishi wa jeshi, mwenye upawa, mwenye goti bovu. Akacheka. Akasema, kaka yangu, Bombolu si alikufa kitabu cha pili?"

Cherehani ikasimama.

"Ukamjibu nini?" Mama Uzi aliuliza.

"Nikamwambia kafa babu yako. Wakanikatia."

Ng'ambo ya barabara, ndani ya kibanda cha Wembe, mteja aliyefungwa shuka jeupe shingoni alichungulia dirishani. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa safi. Upande wa kushoto ulikuwa kama ulivyotoka nyumbani. Juu yake, kwenye bango ambalo Wembe alilichoresha mwezi uliopita tu kwa rangi nyekundu, palisomeka: BOMBOLU KINYOZI BORA.

"Watu wanapita pale wanacheka," Wembe alisema. "Wanasoma bango, wananitazama, wanacheka. Katibu, hebu sema kitu."

Wote wakamgeukia. Katibu akaifunua mashine ya fotokopi, akaitazama ndani kana kwamba jibu limekwama pamoja na karatasi. Wembe hakumtisha. Kelele za Wembe zinaisha kama umeme wa huku, ghafla na bila maelezo. Mama Uzi naye atamsema mpaka Jumamosi, kisha atamletea suruali yake iliyorekebishwa. Aliyemtisha ni Gundi, ambaye alikuwa ameweka sindano yake ya viatu chini, kitu ambacho hakifanyi hata mvua inaponyesha. Kama kuna mtu mmoja hapa duniani ambaye Katibu hakutaka ajue jambo hili, ni Gundi.

"Huenda kuna matoleo mawili," alisema. "Redio labda wamesoma lile fupi."

"Fupi la kufupisha maisha ya watu?" Mama Uzi akauliza.

"Au mtangazaji amechanganya. Kuna mpishi mwingine, yule wa upande wa majoka..."

"Majoka yana mpishi?"

"Samahani," sauti ikasema. Mteja wa Wembe alikuwa amevuka barabara na shuka lake, nusu kichwa kiking'aa juani. "Nilikuwa nasubiri, nikaona mnachelewa. Mimi vile vitabu nimevisoma vyote. Huyo mpishi alikufa kweli. Kitabu cha pili, mlango wa tatu unapoanguka."

"Wewe na kichwa hicho unatoa ushahidi?" Wembe akamgeukia.

"Kichwa hiki ni kazi yako, kaka."

Mama Uzi hakungoja wamalizane. Aliingia dukani bila hodi, kama anavyoingia siku zote kutafuta chaki yake, akatoka na jalada la kijani lililoandikwa ZILIZOHARIBIKA, alilolikuta chini ya vitabu vya Milango Tisa. Katibu alinyoosha mkono, akaurudisha. Jalada lilikuwa na fotokopi zilizotoka vibaya: vyeti vilivyokatika, vitambulisho vyenye pua nyeusi tupu, barua ya kuomba kazi iliyojikunja mara tatu. Nyuma ya kila karatasi palikuwa na mwandiko wa Katibu, mdogo, wa kalamu ya risasi, umejaa mpaka pembeni.

Mama Uzi akasoma moja kwa sauti. "Bombolu akaushika upawa kwa mikono miwili, akamwambia joka: hata wewe, ukishashiba, huna ubaya." Akaigeuza. "Hiki ni cheti cha ndoa cha watu."

"Kilitoka na wino mwingi," Katibu alisema.

"Katibu. Bombolu kwenye daraja?"

"Yangu."

"Bombolu kutekwa na majambazi, akawapikia mpaka wakaokoka?"

"Yangu pia."

"Na yule mjane wa mlango wa saba? Lile busu la kwenye ghala la unga?"

Katibu alikohoa. "Langu."

Mama Uzi alimtazama kwa muda, kisha akaketi, akasogeza kitambaa cha sare mapajani. "Nilililia lile busu. Nilikuwa nafunga vifungo, nikafunga shati la mtu na gauni langu. Kumbe wewe mwanamume na miwani hiyo una mambo."

"Ndiyo maana," Wembe alisema, akijipiga paja. "Vita vya daraja. Niliuliza hapa hapa, jeshi lina mpishi mzuri, limeshiba, limeshindwaje? Ukanijibu nini?"

"Kwamba walishiba kupita kiasi wakasinzia."

"Wakasinzia. Na mimi nikakubali. Jeshi zima."

"Kwenye kitabu walishindwa kwa njaa," mteja akaeleza kwa upole. "Kwa sababu mpishi alikuwa amekufa."

"Hiyo si tafsiri, Katibu, huko ni kuzaa. Umetupiga fiksi miaka mitatu, mimi nimekwenda nayo redioni kama kondoo. Bango langu nilifanyeje? Niandike Marehemu Bombolu Kinyozi Bora?"

Gundi alisimama. Hakuwa mrefu, lakini kwa kuwa wamezoea kumwona ameketi, kusimama kwake kulinyamazisha kibaraza kizima. Akachukua kigoda chake kwa mkono mmoja na sanduku la vifaa kwa mkono mwingine. Katibu aliwaza kibaraza bila Gundi, mkono wa kushoto mtupu, saa sita ya mchana isiyo na mtu wa kusema "rudia hapo." Akajiona mjinga kwa kudhani jambo kama hili litajificha daima.

"Kitabu cha pili kiko wapi?" Gundi aliuliza.

"Ndani."

"Kilete. Unisomee pale penyewe, kama palivyoandikwa."

Katibu alikwenda, akarudi. Hakuhitaji kutafuta, ukurasa ulijifungua wenyewe. Alisafisha miwani, akasoma Kiingereza kwanza, polepole, kisha akatamka:

"Mlango wa tatu ukaanguka. Wapiganaji arobaini wakafa, na mpishi naye akafa."

Wakangoja.

"Endelea," Gundi alisema.

"Baada ya hapo ni habari za mvua."

"Hivyo tu? Mstari mmoja?"

"Nusu mstari."

Gundi aliweka sanduku chini. Alimtazama mteja kama mtu anayetaka kuhakikisha bei, na mteja akaitikia kwa kichwa chake cha pande mbili kwamba ndivyo.

"Amewapikia vitabu viwili vizima," Gundi alisema. "Kambini, mvuani, na goti bovu. Halafu 'naye'."

Sasa Mama Uzi alikuwa ameshaelewa, Katibu aliliona hilo machoni mwake. Alikuwa akihesabu miaka kwa vidole juu ya kitambaa cha sare.

"Ilikuwa wiki ile," Mama Uzi alisema. "Wiki ya msiba."

Ilikuwa wiki ile. Kabla ya wiki ile, kila saa saba mchana, mke wa Gundi alikuja kibarazani na sinia kichwani, na kila mtu hapa alikula, hata Wembe aliyekuwa akisema ameshiba. Siku ya tatu baada ya mazishi Gundi alirudi kazini, akaketi, akasema, tusomee bwana, hapa pamekuwa kimya mno. Katibu akafungua pale walipoishia, na jicho likafika kwenye ule mstari kabla ya mdomo. Alimwangalia Gundi. Akasoma ambacho hakikuandikwa: mlango ukaanguka, mpishi akateleza, akatumbukia ndani ya sufuria ya jeshi, sufuria ikabingirika naye mpaka nje ya ngome, akatoka na kifuniko kichwani akiuliza nani kamwaga supu yake. Gundi alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akashinda na doa jeusi shavuni, na hakuna aliyemwambia. Siku ile Katibu aliamua kwamba Bombolu hatakufa mikononi mwake, liwalo na liwe.

"Sikuweza, Gundi," alisema sasa. "Nisingeweza kukusomea vile. Siku ile hata kidogo."

"Siku ile sawa. Na miaka mitatu iliyofuata? Umekuwa ukinichekesha kwa huruma?"

"Mwezi wa kwanza, ndiyo." Katibu alivua miwani. "Baadaye nilikuwa najichekesha mwenyewe. Shemeji alinilisha na mimi. Nilikuwa nakula kwenye sinia lile lile."

Gundi akaweka kigoda chini, si mahali pake pa zamani bali hatua mbili karibu zaidi na mlango wa duka, akaketi.

"Lile neno la Bombolu," alisema, "kwamba kiatu kikibana usikilaani kiatu, uulize mguu ulikuwa wapi jana."

"Hilo ni lako. Ulimwambia mteja mmoja hapa, nikaliiba."

"Nilijua nimewahi kulisikia mahali." Akaokota sindano. "Nikawa nalisema kila siku, najivunia kwamba mimi na Bombolu tunafikiri sawa."

Wembe ndiye aliyeanza kucheka, na kwa kuwa alikuwa bado amekasirika, kicheko kilimtoka puani. Mama Uzi akafuata. Hata mteja akacheka, shuka likimtikisika.

"Sasa niulize," Gundi alisema walipotulia. "Hao wanaolia redioni. Wao hadithi yao imekwisha?"

"Imekwisha. Mwandishi kasema haandiki tena."

"Na Bombolu hayumo mle ndani."

"Hayumo."

"Basi Bombolu hajaisha." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ijumaa tulimwacha wapi?"

"Jikoni kwa malkia. Anatafuta upawa wake."

"Kesho aupate."

"Na yule mjane aje," Mama Uzi akadakia, mguu tayari kwenye cherehani. "Lakini safari hii si kwenye ghala la unga. Watu wazima wale, wapate chumba."

"Na mimi nataka afungue kibanda cha kinyozi," Wembe alisema. "Ana upawa, ana mkono mwepesi, kuna ugumu gani? Nikipiga simu redioni wiki ijayo niwe na habari ambayo wao hawana."

"Hupigi simu popote," Mama Uzi akamwambia. "Kwanza kamalizie kichwa cha watu, umemwacha binadamu kama mwezi wa nusu."

Wembe akakumbuka. Akamshika mteja bega kumrudisha ng'ambo, akianza kuomba radhi, lakini mteja alikuwa amekifungua kile kitabu cha pili, amekodolea macho ule mstari. Akakifunga taratibu. Akalifungua shuka shingoni, akalikunja vizuri, akampa Wembe.

"Nusu hii acha tu," alisema, akijipapasa upande wenye nywele. "Nitakuja kunyoa kesho. Mnaanza saa sita kamili, au niwahi kiti?"