Dawa ya Buluu ya Kasian

Kasian alimwona mzee Ezekia akishuka kwenye baiskeli yake mpya sokoni Mbeya, na kabla mguu wa pili wa mzee haujagusa ardhi, baiskeli ile ilikwisha kuwa ya Kasian. Kilichobaki ni kumjulisha mwenyewe.

Ulikuwa mwaka 1957, na mji mzima ulizungumza habari moja. Fundi cherehani mmoja amekufa, na hospitali wamesema ni ugonjwa wa sukari. Malaria watu waliijua, kichomi walikijua, lakini sukari, kitu unachokinunua dukani kwa hiari yako na kubeba nyumbani kwa furaha, ikuue? Hofu ilipanda. Kasian aliipokea hofu ile kama mkulima anavyopokea mvua.

Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mrefu, mwenye maneno laini na koti jeusi la suti asilolivua hata juani. Miezi minane alikuwa amefagia chumba cha vipimo katika hospitali moja huko Iringa. Siku ya kuacha kazi hakuaga, ila alitoka na chupa kubwa ya dawa ya buluu, taa ya spiriti na kichupa chembamba cha kioo. Alikuwa ameona kwa macho yake: dawa kidogo, matone machache ya mkojo, unachemsha. Mkojo usio na sukari, dawa hubaki buluu. Wenye sukari, inageuka kijani, kisha njano, mpaka rangi ya tofali lililochomwa. Kufagia nako ni elimu, mradi mtu afagie polepole.

Akapanga chumba uani kwa Damari, mjane wa Kinyakyusa mwenye mgahawa wa chai karibu na soko, akaanza kupima watu. Hapo mwanzo alijaribu kuwatilia sukari ya dukani kwa siri, dawa ikakataa kata kata kugeuka, kwa sababu ambazo aliwaachia wasomi. Asali ya Idodi ndiyo iliyokubali. Tone moja kwenye ncha ya kijiti cha kukorogea, na tajiri yeyote wa Mbeya akawa mgonjwa. Maskini wote walikuwa wazima. Maradhi yale yalichagua sana.

Kila mara alianza kwa kujipima mwenyewe, ili watu waone mkojo wa asiyeugua ulivyo. Mkojo wake huo ulikuwa chai ya rangi isiyo na sukari, iliyozimuliwa na kufichwa kotini ndani ya chupa ndogo. Halafu akampima mteja, na tofali likatokea. Hapo Kasian alishusha sauti na kutaja sharti: dawa haishiki mpaka mgonjwa aachane na kitu anachokipenda kuliko vyote. Mmoja aliachana na saa ya ukutani, mwingine na beberu. Walikunywa majani machungu wiki nzima, wakapimwa tena kwa kijiti kisicho na asali, wakaonekana wamepona. Kumponya mtu ambaye hakuugua ni tiba isiyoshindwa kamwe.

Mzee Ezekia, mwenye biashara ya mchele wa Rujewa, aliipenda baiskeli yake kuliko kitu chochote. Mkewe mwenyewe alisema hivyo, tena bila kicheko. Akaambiwa aje Jumamosi.

Wakati huohuo Damari alikuwa akimtazama mpangaji wake. Asubuhi alimaliza birika zima la chai, kila kikombe vijiko sita vya sukari, na kiu haikuisha. Alikwenda uani, akarudi, akakumbuka, akaenda tena. Alikula wali sahani mbili na bado suruali ikafungwa kwa kamba, na lile koti likawa linampwaya. Kasian alikuwa na sababu ya kila jambo. Kiu ni vumbi la sokoni. Uani ni baridi. Suruali ni fundi, Mungu amrehemu.

"Kaka Kasian," Damari alimwambia, "marehemu mume wangu naye alisingizia baridi. Alisingizia mpaka tukamzika."

"Baridi ya kwenu ni kali kweli, dada," alijibu Kasian, akaongeza kijiko cha saba.

Jumamosi mgahawa ulijaa mpaka mlangoni. Kasian aliwasha taa, akahutubia juu ya damu na figo, akaingiza mkono kotini kuchukua chupa yake ya chai. Haikuwepo. Alipapasa mifuko yote kwa utulivu wa mtu anayetafuta leso.

"Bakuli safi hili hapa, daktari," Damari alimwambia. "Choo unakijua. Tutakusubiri."

Wala hakuhangaika. Alijijua mzima, akaenda kweli, akarudi. Akatia matone yake kwenye kichupa, ambacho Damari alikuwa amekiosha asubuhi pamoja na vyombo vingine, akachemsha huku akiendelea kuhutubia. Watu walikuwa wanaangalia taa, yeye anaangalia baiskeli. Ulipoingia ukimya ndipo naye akatazama. Kijani. Njano. Tofali.

Kikaoshwa kichupa, akapimwa mzee Ezekia. Kijiti nacho kilikuwa kimeoshwa, kwa hiyo dawa ilibaki buluu. Mzee alicheka mpaka akashikilia meza.

"Pole sana, daktari," alisema. "Sharti unalijua mwenyewe."

Wakamvua koti. Saa na beberu vikarudi kwa wenyewe, na Kasian akanyweshwa yale majani machungu, kikombe kizima, watu wakimhesabia mafunda. Mzee Ezekia akaenda zake kwa baiskeli, akipiga kengele bila sababu yoyote.

Kasian alidandia lori la Iringa akiwa na shati tu na vifaa vyake vya kupimia, anatokota kwa hasira. Yule mwanamke alipaka asali kwenye kichupa, angeweza kuapa. Lori liliposimama Chimala kutia maji, alishuka kuthibitisha. Alikiosha kichupa mara tatu mtoni, akakisugua kwa mchanga, akajipima nyuma ya kichaka. Hapakuwa na Damari hapo, wala mteja, wala asali.

Tofali.

Akakaa chini. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na maneno na hapakuwa na wa kumwambia. Alitazama pale alipokojoa, akaona sisimizi wameanza kujipanga. Aliogopa, akamkumbuka yule fundi cherehani, akaogopa zaidi.

Iringa alikwenda moja kwa moja hospitali, akaweka ile chupa ya buluu mezani. Muuguzi Verediana hakuuliza ilikokuwa. Alimpima, akamweleza: sukari aache, ulanzi mtamu, ile pombe ya mianzi, aache, wali na ugali apunguze, mboga na maharage aongeze, atembee kila siku, achunguze nyayo zake, na aje apimwe.

"Nitapona lini?"

"Huponi. Unaishi nao, na ukiutii unaweza kuishi miaka mingi. Unapenda nini kuliko vyote?"

"Chai yenye sukari," alisema Kasian kwa sauti ndogo.

"Basi uachane nayo."

Alijaribu kupatana naye abakize vijiko viwili, kisha kimoja, kisha nusu ya Jumapili. Ulimi ule uliopata beberu haukupata hata nusu kijiko.

Mwaka ulipopita, Damari alimwona akiingia mgahawani kwa miguu, amenenepa kidogo, macho yamechangamka. Akaagiza chai kavu, bila sukari.

"Dada, nijibu jambo moja tu. Siku ile ulipaka asali?"

"Nilipaka."

"Nilijua."

"Sisimizi walijaa uani kwangu kila ulipotoka. Mimi ungenibishia mpaka ufe, kama yule wangu. Dawa yako mwenyewe usingeibishia."

Kasian aliinywa chai yake taratibu. Ilikuwa chungu, naye alikuwa ameshaanza kuizoea.

"Na kama ningekuwa mzima?"

"Basi ungekuwa umeibiwa koti tu," alisema Damari. Akaingia ndani, akalitoa kwenye msumari, akamvisha. Halikumpwaya tena. Mfukoni kulikuwa na ile chupa ndogo ya chai iliyotoweka siku ile, ambayo Damari alikuwa ameirudisha humo humo.