Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkaguzi, Madam Rehma, atakuja Ijumaa kuhesabu wanafunzi wangu wa Kiingereza, watu wazima wote. Wasipofika kumi na tano, chumba atapewa Jacinta, mwalimu wa ushonaji. Jacinta alikuwepo. Akatoa utepe, akapima madirisha yangu ayashonee mapazia. Mbele yangu!

Ninao kumi na wanne. Mmoja tu anipokonye chumba? Wa kumi na tano nimembuni na kumjaza kwenye rejista mwenyewe: Wepukhulu. Jina zito, halishukiwi. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Somo la leo: neno "present". Ukiitwa jina na upo, unajibu present. Zawadi, present. Wakati huu tulio nao, present. Ukivuta mwisho wa neno, sasa ni kumleta mtu mbele za watu. Mzee Oketch, fundi baiskeli, akauliza kama Wazungu waliishiwa na maneno, mpaka moja libebeshwe mizigo yote hiyo. Nilimwambia aandike tu.

Nikaita majina. La Wepukhulu nilipanga kuliitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba, leso mdomoni. Sikuwahi.

"Present," ikasema sauti kutoka dawati la nyuma. Ya upole, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Dawati tupu! Ni huyo Oketch na utani wake.

Jumatano, 5 Machi
Oketch hakuja. Yuko Ahero, mafuriko yameingia kwa dada yake. Sauti ilikuja.

Baada ya kipindi Mama Perez, muuza samaki anayekaa karibu na nyuma, alinisimamisha mlangoni.

"Mwalimu, huyu mgeni wako ana adabu sana. Lakini nimemuuliza kwao ni wapi, akasema hajui. Ati wewe hujaandika."

Nilicheka. Kicheko kilitoka peke yake, mimi sikuwemo. Nikafungua rejista. Kweli, nafasi ya nyumbani iko wazi. Nikaandika haraka: Asembo Bay, kule ziwani. Sijui kwa nini huko.

Alhamisi, 6 Machi
Ngazi zimelowa. Nyayo za maji mpaka dawati la nyuma. Chumba kizima kinanuka ziwa. Mama Perez anasema jamaa ametoka Asembo asubuhi, na hakupitia barabarani.

Nilikusanya insha. Kumi na tano! Ya mwisho ilikuwa mbichi mkononi: "Mwalimu alinipa jina. Hiyo ndiyo present yangu ya kwanza. Sina jana, nina present tu. Kesho atani-present kwa mkaguzi?"

Sikuona kosa hata moja. Nikampa kumi kwa kumi. Nakiri nilimhurumia. Mtu mzima, hana hata mama. Nikashika kalamu nimfute. Mara Jacinta akapita na mapazia begani, tayari yameshonwa. Sikumfuta.

Ijumaa, 7 Machi
Madam Rehma aliita majina mwenyewe. Kumi na wanne wakaitika. Wepukhulu? "Present." Madam akatazama dawati la nyuma, akatabasamu, akaweka alama. Mimi niliona kiti kitupu kinachodondosha maji. Haidhuru, darasa limepona! Jacinta akakunja mapazia yake.

Kisha Madam akauliza mwalimu yuko wapi.

Nilikuwa hatua moja mbele yake. "Present, Madam!" Akatazama ubao, kupitia kifuani mwangu. Nikapunga mikono. Nikapiga meza. Mama Perez akasema mwalimu alikuwepo jana. Jacinta akasema, kwa raha zake, kwamba siku zote mimi ni mtoro. Madam akaandika: mwalimu Naswa hayupo.

Akamwomba Wepukhulu ashike darasa kwa sasa. Hapo ndipo nilipomwona. Kijana mwembamba, shati limemgandia mwilini. Aliponifikia, akachukua chaki mkononi mwangu.

"Pole sana, Mwalimu," akaninong'oneza.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza mandazi hanioni. Mwenye nyumba amebandika tangazo mlangoni kwangu: chumba kinapangishwa. Nilikaa nikafikiri sana. Nikaona kosa langu. Nilimtunga mtu mdogo!

Rejista ya walimu ina mistari mitupu. Nimemwandika mwalimu mkuu mpya, Bi Afnan. Mkali, hapendi mchezo, neno lake halirudi nyuma. Atamfukuza Wepukhulu, anirudishie darasa, na amtoe Jacinta jengo zima.

Wino haujakauka, na tayari viatu vya kisigino vinapanda ngazi. Upesi kweli! Natengeneza tai.