Faili 213 Nisizoziomba

Kwa: Shemeji,
Fundi wa Kompyuta (kwa jina la kwenye kibao: Daktari wa Diski),
Mlango wa pili baada ya kinyozi.

KUH: KUNIRUDISHIA NILIVYOVIFUTA MWENYEWE

Ndugu Shemeji,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, feni inazunguka na bisibisi iko mahali ulipoiacha. Mimi pia ni mzima, kuanzia shingoni kwenda chini.

Kabla sijalalamika, nieleze mambo yalivyokuwa, ili mtu mwingine akiisoma barua hii asipotee. Na kwa jinsi unavyofanya kazi, ataisoma.

Mimi ni karani wa shule, mwaka wa kumi na nne huu. Naandika barua za kuomba, za kukataa, za kushukuru na za kukumbusha kwamba tulishakumbusha. Zote naziandika ndani ya faili moja iitwayo BARUA. Nikimaliza moja naichapa. Siku ya pili naifungua ile ile, nafuta jina la huyu naweka la yule, nabadilisha kinachobidi, nahifadhi. Sentensi iliyonyooka siitupi. Fundi viatu hatupi kalibu yake kwa sababu mguu umebadilika.

Jumamosi hii dada yako na mimi tunatimiza miaka kumi na miwili ya ndoa. Kwa heshima ya siku hiyo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: niliifuta BARUA yote, mpaka tarehe, nikabaki na ukurasa mweupe, nikamwandikia kutoka kichwani mwangu. Wiki tatu nzima. Ukatoka ukurasa mmoja na robo. Sikuichapa upesi kwa sababu nilikuwa natafuta karatasi nzuri.

Jumanne ya wiki iliyopita mwalimu mkuu akachungulia mlangoni: karani, wazazi waandikiwe kuhusu vyoo, na iwe tayari kabla mkaguzi hajafika. Mkono wangu, ambao una miaka kumi na minne ya uzoefu na hauna adabu, ukafungua BARUA, ukafuta, ukaandika vyoo, ukahifadhi. Haukuniuliza.

Nikabeba mashine mpaka kwako. Ukanituliza. Ukasema kompyuta haifuti kitu, inang'oa tu jina mlangoni. Mpangaji bado yumo ndani mpaka mwingine aingie na kitanda chake. Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Sikujua kwamba unawazungumzia wapangaji wote.

Sasa malalamiko yangu.

1. Nilikutuma barua moja, umeleta 213. Mtu akipotelewa na mbuzi ukaenda kumtafutia, humrudishii na wale aliokwisha kuwala. Tena kati ya hizo 213, niliyokutuma haimo! Umeandika kwa mkono wako kwenye bahasha ya flashi uliyozitilia: "Moja imeharibika, haisomeki." Wapangaji wa miaka kumi na mitatu umewakuta vyumbani, wengine bado na kandambili mlangoni, isipokuwa yule mmoja niliyemfuata. Yeye peke yake ndiye aliyekaliwa na vyoo.

2. Namba yangu ya simu unayo. Flashi ukampa dada yako. Umejitetea kwamba ni damu yako na kwamba mimi nilikuwa kazini. Shemeji, daktari wa kweli hampi majibu ya kipimo mtu yeyote aliyefanana naye pua.

3. Ulizipanga kwa tarehe. Hapa ndipo uliponimaliza. Ungezimwaga ovyo asingeona kitu. Lakini wewe ni mtu wa utaratibu, ukazipa namba, mwaka, mwezi na siku, na hivyo dada yako akagundua kwamba barua niliyompa tulipotimiza miaka kumi ilifuata, siku nne tu baadaye, barua ya shukrani kwa fundi bomba wa shule, yule wanayemwita Koki. Nanukuu yaliyomo katika zote mbili, maana sasa hakuna siri:

"Tangu ulipoingia hapa kwetu sina tena wasiwasi. Wengine walikuja kabla yako, wakaangalia, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Wewe ulibaki."

Ya kwake dada yako alikuwa anaitunza kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake. Aliwahi kuwasomea wenzake kazini, na wawili kati yao wakawanunia waume zao wiki nzima. Alhamisi alimpigia Koki. Koki, ambaye hajui kunyamaza wala kwenye bomba wala kwenye simu, akamwambia kwamba hata yeye alilia, na kwamba yake ameitundika dukani juu ya viungo vya inchi moja.

Tangu siku hiyo dada yako amehamia chumba cha watoto. Akiwa na neno nami anaandika kikaratasi, anabandika kwenye friji. Cha jana kilisomeka: "Ndugu Mteja, chakula kipo. Asante kwa kuendelea kutumia huduma zetu."

4. Mama mkwe. Unakumbuka mwaka ule nilipopitiwa na usingizi katikati ya hotuba yake. Nilimwandikia kuomba radhi, na barua hiyo niliipata kwa kufuta na kubadilisha ile ya onyo kwa mpishi wa shule. Kumbe mstari mmoja ulinikwepa: "Pia unakumbushwa kufunika vyungu." Mama aliisoma, akanisamehe, hakuuliza. Ila mpaka leo nikifika kwake vyungu vyote vimefunikwa, hata vitupu. Mimi nikawa namsifu kwa usafi. Sasa dada yako amemweleza. Mama amenipigia simu, akapumua mara tatu, akakata.

5. Naona pia umeiharibu kazi ya kusahau, ambayo ni kazi kama kazi nyingine na ina watu wake. Kila nyumba iliyosimama, imesimama kwa sababu kuna mtu ndani yake aliyefuta jambo akanyamaza. Humo kwenye flashi yako mna barua zangu tatu za kuacha kazi, nilizoziandika kwa hasira asubuhi na kuzigeuza kuwa maombi ya chaki kabla ya chai. Mwalimu mkuu akiziona, nitaacha kazi kwa barua ambayo sikuipeleka. Kesho utamfufulia kinyozi jirani yako nywele zote alizowahi kukosea, uziweke mlangoni kwa tarehe, tuone kama ataendelea kukuazima kiti.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Uzifute faili zote 213, kwa namna ambayo hata wewe mwenyewe ukilewa sifa hutaweza kuzirudisha.

(b) Kwa kuwa unadai unaweza kurudisha kitu katika hali iliyokuwa nayo, umrudishe dada yako katika hali ya Jumatano ya wiki iliyopita, saa kumi jioni, aliponiuliza kama nitakunywa chai sasa au nitamsubiri.

(c) Ikishindikana (b), basi umwondolee kichwani siku ya Alhamisi peke yake. Alhamisi ni ndogo, haitaacha pengo.

(d) Uniletee ile moja. Hata kipande. Hata aya. Nimejaribu kuiandika upya mara nne, na kila nikianza mkono unaandika "Rejea somo hilo hapo juu". Nilichomwambia dada yako kwa wiki tatu sikikumbuki, Shemeji, na leo ni Jumatano. Jumamosi nikimpa karatasi isiyo ile, ataigeuza kwanza aone upande wa pili imeandikiwa nani.

Nikitumai utalishughulikia kwa uzito uleule uliotumia kuniharibia, nakuomba umsalimie kinyozi na wanaosubiri zamu kwake, baba mkwe, watoto wa jirani wanaokuja kuchaji simu, na mama mkwe pia, endapo hali ya hewa inaruhusu.

Wako, na wa friji,

Shemeji yako, Karani

Nyongeza, chini ya sahihi: Usifute. Narudia: usiguse kitu!

Dada yako ametoka jioni hii chumba cha watoto na flashi mkononi. Kumbe alikuwa anazisoma kuanzia mwisho, anarudi nyuma, na leo ndiyo amefika namba 1. Ina miaka kumi na mitatu. Kichwa chake ni "KUH: OMBI LA KUKUFAHAMU ZAIDI", na imeandikwa kwa binti aliyeingia ofisini kwetu kumwandikisha mdogo wake kidato cha kwanza. Mdogo huyo ni wewe, ulikuwa unachokonoa kalamu yangu. Inasema: "Tangu ulipoingia hapa kwetu sina raha. Wengine walikuja kabla yako, wakaniangalia, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Ningeomba wewe ubaki."

Nilikuwa nimesahau. Nilikuandikia hapo juu kwamba sijawahi kuandika kutoka kichwani. Niliwahi, mara moja, na nikaihifadhi kwa jina la BARUA, na kila niliyoandika baadaye niliiandika juu yake. Sikumpa dada yako maneno ya Koki. Koki ndiye aliyepewa ya dada yako. Dada yako amekaa mezani na daftari na kalamu nyekundu akapitia zote 213, na hakuna hata moja ambayo hakukuta mstari wake, hata kwenye onyo la mpishi. Amesema nimeutongoza mji mzima kwa barua yake. Mto wake umerudi chumbani. Limebaki swali moja tu, kwa nini yule mama wa ofisi ya maji alipewa aya mbili na yeye moja, na hilo nalishughulikia.

Ya Jumamosi anataka niiandike kwa kalamu, mezani, yeye akiwa amekaa hapo anatazama.

Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa, tarehe zako zibarikiwe. Ila njoo kesho alfajiri na bisibisi. Nimegundua barua hii nimeihifadhi ndani ya BARUA, juu ya ile ya vyoo, ambayo sijaichapa, na mkaguzi anafika saa nne. Moja tu, Shemeji. Na safari hii ukiipata, nipe mimi.