Mtani wa Koti la Kijivu

Majidi aliiona asali kwanza, ngoma akaiona baadaye. Msimlaumu, ndivyo macho yake yalivyoumbwa: huanza na kinachouzika. Ndoo mbili kubwa nyeupe, mifuniko imefungwa kwa mpira wa baiskeli, zimekaa barazani kwenye gesti moja ya Isevya, mjini Tabora. Asali ya Sikonge hiyo, nyekundu, nzito, isiyojua maji. Kigoma watu wangeipigania.

Wenye asali walikuwa marafiki watatu, wacheza ngoma, mwaka wa tisa sasa wanazunguka pamoja kwenye njia ile ile ya misafara ya zamani: Tabora, Urambo, Kaliua, hadi Ujiji. Kiongozi wao Mahona, Mnyamwezi wa miaka hamsini na ushei, mchekeshaji. Mwimbaji wao Julieth, Mnyamwezi pia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na mpigaji wao Venansi, mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi. Mpole, hasemi mpaka aulizwe. Asali walizawadiwa na warina asali wa Sikonge. Na siku hiyo, saa kumi alasiri, walialikwa kutumbuiza Mtendeni, ambako mzee Jaffer alikuwa anafungua duka jipya la vitambaa.

Basi Majidi akasimama pale, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, akafikiri. Kuiba asali ni ushamba. Mwenye ndoo atakupigia kelele mtaa mzima. Lakini kuna ngoma kubwa imeachwa uani juani ili ngozi ikaze, na wenyewe wamekwenda kula kwa mama ntilie. Ngoma ikipotea saa saba, na shughuli ni saa kumi, nani ataikumbuka asali? Mtu akiwatafutia ngoma yao watampa ndoo zote mbili, na juu yake watambusu mikono.

Akaikumbatia ngoma kifuani, akatoka nayo, akaipakia kwenye bajaji.

"Ya kanisani hiyo," akamwambia dereva. "Endesha kwa adabu."

Dereva akaendesha kwa adabu mpaka mtaa wa Cheyo, kwenye gesti aliyopanga Majidi. Ngoma ikaingia uvunguni mwa kitanda. Majidi alipojitazama kwenye kioo akakuta doa kubwa la rangi ya chungwa kifuani, mviringo kamili kama sahani. Shati jingine lilikuwa limelowekwa. Akavaa koti lake la kijivu juu yake, akafunga vifungo vyote. Jua la Oktoba Tabora halina masihara, lakini kazi ni kazi.

Aliporudi Isevya alikuta msiba usio na maiti. Julieth anahoji kila mpita njia, Mahona anazunguka ua na kofia mkononi, Venansi ameketi chini kabisa, mgongo ukutani.

"Ile ngoma aliichonga baba yangu," Venansi alikuwa anasema, hakuna aliyemuuliza. "Mti wa kwanza alioukata Ulyankulu, akaufanya ngoma kabla ya kujenga nyumba. Picha yake sina. Nina ngoma tu. Nikiipiga ninamsikia. Sasa nitamsikilizia wapi?"

Akalia, mtu mzima, bila kujificha. Hata Majidi alipata kaubaridi fulani ndani ya lile koti, lakini kakapita.

"Hodi wenyewe! Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu Mahona. "Umetukuta vibaya, bwana."

"Nimesikia kilio kutoka barabarani. Naitwa Majidi. Mimi nina kipaji, nilirithi kwa bibi: kilichopotea hunijia ndotoni hata mchana. Ninachohitaji ni asali kidogo. Ndoo mbili hivi. Wazee wa upande wa pili hawaongei na mtu mwenye mikono mitupu."

"Wanakunywa ndoo mbili hao wazee?" akauliza Julieth.

"Wako wengi, dada."

Mahona akamtazama juu mpaka chini, akasita kwenye koti.

"Wewe mtu wa wapi?"

Hapa ndipo, ndugu zangu, alipojichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe. Angejisemea tu Mmakonde, yangekwisha. Lakini aliwahi kusikia huko Dar alikoishi kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kwamba mtani hatiliwi shaka. Alisikia nusu hiyo. Nusu ya pili hakuingojea.

"Mzaramo," akasema, kifua mbele. "Mzaramo wa Kisarawe. Mtani wenu kabisa!"

Uso wa Mahona ukafunguka wote.

"Mzaramo! Julieth, unasikia? Tumeletewa Mzaramo!"

Kufumba na kufumbua kofia ya Majidi ilikuwa kichwani kwa Mahona, na Julieth ameshika kiatu chake cha kushoto.

"Jamani, jamani, kiatu changu!"

"Changu sasa," akasema Julieth. "Lete na mwenzake."

Venansi alinyanyua kichwa, machozi hayajakauka. "Mnamwibia mgeni?"

"Si wizi huu, Venansi, ni utani," akamweleza Julieth, anavuta kiatu cha pili. "Mzaramo nikimkuta nachukua chake mbele ya watu, naye hana ruhusa ya kununa. Akinuna, basi huyo si Mzaramo. Umenuna, mtani?"

"Mimi? Wala!" Majidi akacheka kicheko cha mtu anayekanyaga moto. Na kweli alikuwa anakanyaga. Ua lilikuwa linachoma nyayo.

Majirani walishajaa mlangoni. Julieth akaanza kuimba papo hapo wimbo wa Mzaramo aliyekuja bara amevaa blanketi, watu wanaitikia, na Mahona akalidaka koti.

"Koti hapana, mzee. Nina homa."

"Una homa? Tutakupepea!"

Vifungo viwili viliruka. Koti likatoka. Na wimbo ukakatika, kwa maana Venansi alikuwa amesimama.

Alimsogelea Majidi taratibu, akaweka kidole kwenye lile doa la kifuani, akakinusa.

"Mawese," akasema. "Kila asubuhi naipaka ngozi ya ngoma mafuta ya mawese, kama baba alivyokuwa anaipaka. Hapa Isevya nani mwingine anapaka ngoma mawese?"

Mahona akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo wenye kibao cha mti, kibao kimeandikwa jina la gesti ya Cheyo na namba ya chumba.

Wakaenda wote, watani na majirani, Majidi katikati, pekupeku. Mhudumu wa gesti alifungua mwenyewe alipoona umati. Venansi akapiga magoti, akaivuta ngoma kutoka uvunguni, akaweka sikio kwenye ngozi, akaigonga kwa kidole kimoja. Ikaitika. Alifurahi mpaka akashindwa kusimama.

Lakini nje mtu alishalitamka lile neno. "Mwizi!" Wa pili akalipokea. Mnajua neno hilo likitembea mitaani huwa halitembei peke yake. Kijana mmoja alishaokota tofali. Askari aliyekuwa anakunywa soda dukani ng'ambo akaweka chupa chini, akaja.

"Kuna nini hapa?"

Majidi alimtazama askari, akalitazama tofali.

Mahona ndiye aliyejibu. "Afande, ngoja nimuulize mwenyewe. Wewe bwana. Ngoma yetu imekutwa kwako. Kama ni mtani, umetufanyia utani, umetupatia kweli, tutacheka. Kama si mtani, nakukabidhi kwa afande na hawa. Sema wewe. Mtani au mwizi?"

"Mtani!" akapiga ukelele Majidi. "Mtani, mzee wangu! Mzaramo mimi, baba Mzaramo, mama Mzaramo!"

"Umesikia, afande. Ni utani."

Askari akacheka. Watu wakacheka. Tofali likarudi chini.

"Lakini mtani hujikomboa," Mahona akaendelea. "Babu zetu walibeba pembe na marobota kutoka hapa mpaka pwani, kichwani, miezi mitatu, na watu wa pwani wanatembea mikono mitupu pembeni. Leo nimempata mmoja. Venansi, mtwishe."

Akatwishwa ngoma kichwani. Kutoka Cheyo mpaka Mtendeni, jua la saa tisa, lami inachemka, peku, Julieth mbele anaimba, watoto nyuma wanaitikia, na afande kando kwa sababu alitaka kuona mwisho wake. Kila Majidi alipolegea, watu waliuliza kwa sauti kama Mzaramo amechoka.

Walifika saa kumi kasoro. Mzee Jaffer alikuwa mlangoni anatazama saa. Alipoona msafara ule alipiga makofi, akadhani ndiyo mwanzo wa onyesho. Venansi alipiga ngoma siku ile mpaka vitambaa vilitetemeka rafuni. Alipiga na macho yamefumbwa, anamsikiliza mtu wake.

Kitu kimoja tu nilikiacha. Karibu na soko, mzigo ulipomlemea, Majidi alimwita mama yake. Alimwita kwa Kinyamwezi safi, kile cha ndani kabisa cha Nzega, kisichofundishwa ukubwani. Julieth alisikia, akageuka kumtazama Mahona. Mahona akaendelea kutembea.

Baada ya onyesho, watu wakinywa soda za mzee Jaffer, afande hatua tatu tu pembeni, Mahona alimsogelea Majidi aliyekaa chini anapuliza nyayo zake. Akamuuliza kwa Kinyamwezi, polepole, kwa upole kama anazungumza na mtoto wa ndugu yake, kwao ni kijiji gani, na mama yake bado yupo?

Majidi akamtazama. Akamtazama afande.

"Samahani, mzee," akasema kwa Kiswahili, na machozi yalimlenga kweli. "Hiyo lugha siielewi."

"Ahaa," akasema Mahona. "Basi jiandae kubeba, mtani. Kesho tunakwenda Urambo."